Shangazi, nikibobea kwenye mtambo mmoja, mengine yote niyaache?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, nina mke na watoto wawili, tunaishi Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokua nacho. Mama, ambaye sasa ni mstaafu, alikuwa askari polisi, na sisi tulilelewa kambini Nsambya, Kampala, ambako kila kabila lilikuwepo na Kiswahili ndicho kilituunganisha. Jina langu naomba lisitoke. Mji wetu ni mdogo na bosi wangu anasoma kila kitu.

Kazi yangu ni fundi wa vifaa vya hospitali. Nikisema hivyo watu wanadhani natengeneza vitanda. Vitanda pia natengeneza, lakini kazi hasa ni mashine: za kuchemshia vyombo vya upasuaji, za kufyonza, za joto za watoto njiti, mizani, vipima presha, na zile mashine ndogo za oksijeni za kando ya kitanda ambazo vumbi la huku linaziua kila kiangazi. Ni mwaka wa tisa sasa na kazi naipenda. Muuguzi akinipigia kwamba kitu kimezima wodi ya watoto, nakimbia na furaha yangu.

Sasa hospitali imepata nafasi moja ya kumpeleka fundi kusomea mitambo mikubwa ya oksijeni. Ni miezi 18, Nairobi. Ada imeshalipwa, mshahara unaendelea, halafu unaporudi unasaini mkataba wa kuutumikia mtambo huo miaka mitatu. Bosi amenipendekeza mimi. Anasema tangu ule mwezi wa Juni 2021, wagonjwa wa Korona walipojaa na kila hospitali ikawa inagombania mitungi, hakuna tena wa kumdharau fundi wa oksijeni. Huku West Nile nitakuwa mmoja wa wachache sana. Ndugu zangu wanasema nafasi kama hii haipigi hodi mara mbili.

Shida yangu ni haya mengine yote.

Kwanza nyuki. Nina mizinga kwenye shamba la bibi yangu huko Maracha. Nilianza na mzinga wa gogo alioacha babu, nikaongeza ya kisasa kidogo kidogo. Shangazi, sijui kama umewahi kuvuna asali. Unakwenda jua likizama, unavaa nguo nzito, unafukiza moshi wa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, unafungua polepole. Nyuki wetu ni wakali, ukifanya haraka utajuta. Unanyanyua sega na kuliangalia kwa tochi: likiwa limezibwa kwa nta unakata, likiwa bado wazi unalirudisha, maana asali yake ina maji na itachacha ndani ya ndoo. Nikiwa pale sifikirii deni, sifikirii bosi. Na asali inauzwa, siyo kwamba ni hasara.

Halafu adungu, ile ala yetu ya nyuzi yenye shingo ya upinde. Kwenye kikundi chetu cha kanisa mimi ndiye napiga lile kubwa la besi, ambalo mpigaji analikalia kabisa. Nilifundishwa na mzee mmoja wa Kialur kutoka Nebbi. Mazoezi ni kila Jumamosi, na msimu wa arusi ni Jumamosi na Jumapili.

Halafu redio za zamani. Watu wananiletea zilizokufa, nazifungua usiku. Zimejaa chini ya kitanda. Halafu sataranji na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, kama hakuna dharura. Halafu nilianza Kilingala kwa sababu ya wafanyabiashara kutoka Kongo walio sokoni kwetu.

Bosi alinikalisha chini akasema: "Mikono yako ni mizuri, lakini umeitawanya. Mtambo hautaki mtu aliyetawanyika. Ukienda Nairobi, hivyo viasali na vigitaa uviache." Baba mdogo naye akanikumbusha kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye hakusema mengi. Aliuliza tu, "Na nyuki nitawalisha mimi?" kisha akaendelea kusahihisha madaftari.

Siku nyingine naona kwamba nikiyaacha haya nitabaki mtu wa mtambo tu, mtu ambaye ukimtoa kwenye chumba cha oksijeni hana cha kuongea. Siku nyingine naona najidanganya, kwamba mimi ni mtu wa kuanza vitu na kuogopa kuvimaliza. Redio nyingi hazijapona. Kilingala changu kimeishia kwenye salamu.

Kuna jambo moja zaidi, sijui kama linahusika. Marehemu baba alikuwa fundi wa taipureta. Alikuwa na meza yake Wandegeya, karibu na Makerere, na ofisi za serikali zilikuwa zinamtumia gari limfuate. Watu walisema anasikia kwa masikio herufi gani imelegea. Kisha kompyuta zikaja. Hakujua kitu kingine. Alikaa kibarazani pale kambini miaka mingi, mpaka akafariki.

Fomu inatakiwa mwisho wa mwezi ujao. Niende niache yote? Nikatae nibaki na yote? Au kuna njia ambayo siioni?

Fundi wa Mengi, Arua

* * *

Marahaba, mwanangu.

Wengi hudhani shangazi ni wa kumfunda binti anayekaribia kuolewa, basi. Ungeona barua ninazopata. Wanaume huandika kwa kujificha, na barua zao ndizo ndefu zaidi. Karibu.

Nikikuelewa vizuri, unasema hivi: umepewa nafasi ya kuwa bingwa wa kitu kimoja ambacho watu wanakihitaji kufa na kupona, na bei yake, kwa jinsi ulivyoambiwa, ni kuachana na vitu vinavyokufanya ujisikie mtu kamili. Ukiikubali unaogopa kupungua. Ukiikataa unaogopa utakuja kujilaumu. Na katikati una wasiwasi kwamba huenda hayo mapenzi yako ya vitu vingi ni uvivu uliovaa nguo nzuri.

Nianze na lile uliloliweka mwisho kabisa na kuliombea radhi. Umeandika kuhusu baba halafu ukasema hujui kama linahusika. Mimi nadhani linahusika kuliko nyuki. Umeona kwa macho yako mtu aliyebobea kuliko wote mjini, na umeona alivyoishia. Mtoto aliyekua akipita kila siku mbele ya kibaraza kile, akija kuambiwa "chagua mashine moja", hata kama mashine hiyo ni ya kuokoa roho za watu, mwili wake utakataa kabla ya akili kufika. Sasa nakuuliza, wala sina jibu: unapoikumbatia mizinga na redio na adungu, je, unavipenda tu, au pia unajiwekea akiba ili siku mtambo ukizimika usiwe umekaa kibarazani? Huenda ni yote mawili. Hakuna ubaya. Ila ni vizuri ujue, kwa sababu kitu unachokishika kwa hofu huwa hata ukikipumzisha wiki mbili unatetemeka.

Na hadithi ya baba yako, je, unaijua yote? Ulikuwa mdogo, na unachokumbuka ni kile kibaraza. Mimi najiuliza kama kilichomwangusha ni kujua kitu kimoja kwa kina. Wandegeya ile ile leo imejaa watu wa kompyuta na fotokopi na kuchapa kazi za wanafunzi. Mtu aliyeweza kusikia herufi iliyolegea alikuwa na sikio na vidole ambavyo printa isingevishinda. Kwa nini hakuvuka? Simlaumu marehemu hata kidogo. Kuvuka kunataka mtaji, kunataka mtu wa kukushika mkono, na pengine alijaribu mahali akafungiwa mlango asiwaambie watoto. Au alikuwa mgonjwa. Mama yako anajua. Mstaafu wa polisi hasahau kitu, hao ninawafahamu. Muulize, si kwa ajili ya fomu tu.

Kabla ya kukujibu nilimtafuta fundi mmoja ninayemfahamu anielezee mtambo wenyewe, maana sipendi kushauri juu ya kitu nisichokiona. Akanieleza kwamba hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21 hivi. Mtambo unaivuta hewa hiyo, kompresa inaikandamiza, inakaushwa, kisha inapitishwa kwenye matangi mawili yenye punje za zeolaiti. Punje zile zinaing'ang'ania naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Tangi moja likishiba linapumua na kutoa naitrojeni yake nje huku la pili likifanya kazi, wanapokezana hivyo usiku na mchana, na kinachotoka upande wa pili ni oksijeni ya karibu asilimia 93. Akasema adui mkubwa ni maji: unyevu ukipita kwenye kikausha hewa, zeolaiti inaharibika na mtambo unaanza kutoa hewa ya bure tu. Nikakumbuka sega lako lililo wazi nikacheka peke yangu. Wewe tayari ni mtu wa kuchunguza unyevu kwa tochi.

Lakini usichukue hilo ukaenda kumwambia bosi kwamba nyuki ni masomo ya ziada. Najua kishawishi kipo. Tumezoea kukitetea kila tunachokipenda kwa kusema kinaleta faida: kinaingiza hela, kinanoa akili, kinafundisha uvumilivu. Umefanya hivyo hata kwenye barua, "asali inauzwa, siyo kwamba ni hasara." Nani alikuuliza? Kitu kinaweza kuwa kizuri kwa sababu ukiwa pale hufikirii deni. Hiyo inatosha.

Sasa kuhusu ubingwa wenyewe. Taipureta ilikuwa kifaa kimoja, na kilipoondoka kikaondoka na kazi yake. Fundi anayeelewa kompresa, hewa iliyokandamizwa, vikaushio na umeme wa kuongozea mitambo ana kazi hospitalini, viwandani, kwenye karakana, hata kwenye vyumba vya baridi. Hapo ndipo ningechimba kama ningekuwa wewe. Omba uone mtaala. Je, watakufundisha mtambo unavyofikiri, au watakufundisha vitufe vya kampuni moja na namba ya simu ya kupiga kikiharibika? Mafunzo yote mawili hutoa cheti kinachofanana. La kwanza linakupa mizizi. La pili, mwanangu, lina harufu ya Wandegeya ya zamani, na katika hilo hofu yako ingekuwa inasema kweli.

Kuna jambo la pili kwenye kazi hiyo ambalo wewe wala bosi hamkuligusa, na kwangu ndilo linalotisha kuliko suala zima la kuacha hobi. "Nitakuwa mmoja wa wachache." Umeliandika kama sifa. Hebu lisome upya saa nane za usiku. Mtambo ukizima, nani mwingine ataamshwa? Watoto wako wakiwa na homa, ukiwa msibani Maracha, ukiwa mgonjwa wewe mwenyewe, nani wa pili? Bosi anadhani adungu ndilo litakalokutoa kwenye mtambo. Mimi nadhani kitakachokuchosha ni miaka mitatu ya kuwa peke yako, na hata ukivunja adungu kuni bado utakuwa peke yako. Nina huruma na bosi wako, sitaki umwone adui. Yeye anawaza usiku ule mbaya, mitungi imeisha, na fundi wake yuko shambani amevaa nguo za nyuki na simu haishiki. Hofu hiyo ni halali kabisa. Ila dawa yake ni ratiba ya zamu na fundi msaidizi utakayemfundisha ukirudi. Kumfanya mtu asiwe na Jumamosi hakuwezi kuwasha mtambo. Kama hospitali haiko tayari kuahidi mtu wa pili, basi unachoombwa ni kikubwa kuliko kinavyoonekana kwenye fomu, na una haki ya kujua hivyo kabla ya kusaini.

Nije kwenye yale unayoyapenda. Umeyaorodhesha kama kitu kimoja, na bosi naye ameyakusanya akayaita "viasali na vigitaa". Hayafanani hata kidogo. Redio hazimngojei mtu, hata wenye redio nadhani walishasahau. Kilingala kinaweza kwenda nawe Nairobi, Wakongo wako huko tele, wanamuziki wengi tu. Sataranji inaingia mfukoni. Hivyo vitatu sioni kama viko hatarini, na kwa kweli sioni kama vinakudai chochote. Unajilaumu kwamba huvimalizi. Mtu aliyekaa kazini mwaka wa tisa, aliyetoka kwenye gogo la babu mpaka mizinga ya kisasa, aliyekaa chini ya mzee wa Kialur mpaka akakabidhiwa besi, simwiti mtu wa kuogopa kumaliza. Kuna vitu ulivyovigusa kwa udadisi tu vikatosha. Salamu za Kilingala ni Kilingala pia.

Nyuki ni habari nyingine. Nyuki wana msimu, na ukiwaacha miezi 18 bila mwenyewe utarudi ukute siafu wameingia, nondo wa nta wametafuna masega, kundi limehama, au jirani amekusaidia kuvuna. Wanahitaji mtu. Watu wengi hukubaliana na binamu au kijana wa pale nusu kwa nusu: yeye anaangalia, mnagawana asali. Ni njia nzuri, lakini ina shimo lake. Anayekaa na mizinga misimu mitatu huanza kuiona yake, na kwa jasho lake ana sababu. Ukiamua hivyo, mkubaliane mbele ya bibi yako, mseme mizinga ni ya nani na vifaranga vya makundi mapya vitakuwa vya nani. Na ujue kwamba hata mambo yakienda vizuri, utarudi kuwa mwenye mizinga ambayo mwingine anaijua kuliko wewe.

Adungu ndilo gumu kuliko yote, na sitaki kulirahisisha. Nyuki hawatakukosa, kikundi kitakukosa. Nyimbo zinasimama juu ya besi. Ukiondoka watatafuta mwingine, wanatakiwa watafute, na ukirudi unaweza kukuta kijana amekalia nafasi yako na anapiga vizuri. Hapo utafanyaje? Utamwambia anyanyuke? Hii ni hasara ya kweli na haina fidia nitakayokuandikia hapa. Swali ni kama unaweza kuivumilia, na kama ungependa kuwa wewe mwenyewe uliyemfundisha kijana huyo katika wiki zilizobaki.

Watu watakutajia mifano ya kukutia moyo. Watakutajia Okot p'Bitek, aliyekwenda Uingereza mwaka 1956 na timu ya taifa ya mpira, akabaki kusoma ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, anthropolojia Oxford, na bado ushairi wake ndio tunaomkumbuka nao. Au watakutajia John Akii-Bua, askari polisi kama mama yako, aliyekimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82 kule Munich mwaka 1972 na kuvunja rekodi ya dunia. Pale kambini lazima ulisikia habari zake. Nawapenda wote wawili. Lakini ukiwaangalia kwa makini utaona Okot hakufanya yote kwa mara moja, alikuwa na majira, hili likipisha lile. Na Akii-Bua kukimbia kwake kulipewa nafasi na kazi yake, hakukuwa kitu cha kuiba saa za usiku. Wewe huna mwajiri wa kukulipa mshahara kwa ajili ya adungu. Kwa hiyo wasikutie moyo kupita kiasi, wala wasikufanye ujione umeshindwa.

Na yule fisi wa baba mdogo, kama nilivyosimuliwa, alisikia harufu ya nyama njia zote mbili akataka afuate zote usiku ule ule kwa miguu ile ile. Alikuwa na njaa na haraka. Wewe una mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Sasa niseme neno kuhusu mkeo, na hapa utanivumilia. Nyuki wamepata aya nzima kwenye barua yako, mpaka tochi nimeiona. Mama watoto amepata mistari michache, na amenyamazishwa na madaftari. Uliliona swali lake kama mzaha. "Na nyuki nitawalisha mimi?" Mimi nalisikia vingine. Miezi 18 na watoto wawili, nani atawalisha *hao*? Na hata hivyo si mzaha mtupu, kiangazi kikali wafugaji wengine huwapa nyuki maji ya sukari. Sasa jambo ambalo pengine hujalifikiria: yeye ni mwalimu wa msingi. Sera ya taifa ya walimu ya 2019 inataka walimu, hata wa madarasa ya chini, wafikie shahada. Kama bado hajafika huko, basi nyumbani kwenu kuna watu wawili wanaotakiwa kusoma, na fomu iliyoko mezani ni ya mmoja. Umemuuliza zamu yake ni lini? Na yeye anapenda nini ambacho alikiweka pembeni ili wewe upate Jumamosi zako? Sikushutumu. Nauliza kwa sababu hukuandika, na kwa kawaida kitu ambacho hakikuandikwa hakikuulizwa.

Ukienda, basi, hasara ziko hizo nilizokutajia na faida unazijua. Ukienda huku unajaribu kuvuta kila kitu, kila Ijumaa ukiwa kwenye basi la usiku kurudi kwa ajili ya arusi, nakuonea huruma mwili wako, maana Nairobi mpaka Arua si Arua mpaka Maracha. Ukiomba uahirishiwe mpaka kundi lijalo, unapata muda wa kuweka nyumba sawa, lakini nafasi inaweza kwenda kwa mwingine na isirudi, na hilo uliweke akilini kabla ya kuomba. Na ukikataa kabisa? Sitaki uone aibu katika hilo. Hospitali inayomwagiwa vumbi kila kiangazi inahitaji pia mtu anayeweza kuamka na kushughulikia mashine ya joto ya mtoto njiti asubuhi, mizani mchana na kitanda jioni. Fundi wa vingi si fundi nusu. Hatari ni kwamba bosi anaweza kulichukua vibaya, na kwamba miaka mitano mbele ukiwaona waliosoma unaweza kuanza kuichukia mizinga kwa kuwa ndiyo iliyokubakiza. Hilo nimeliona kwa wengine: mtu anaacha kazi kwa ajili ya kitu anachokipenda, kisha anakidai kile kitu kimlipe.

Sijakuambia uende au ubaki, na najua ulitamani nikuambie. Lakini naona unayo mazungumzo matatu ambayo bado hujayafanya. Mkeo kwanza, jioni ambayo hana madaftari. Kisha mama, kuhusu baba. Kisha bosi, na kwake uende na maswali mawili yaliyoandikwa kwenye karatasi: mtaala ukoje, na nani atakuwa fundi wa pili. Ukipata majibu hayo, nadhani fomu itakuwa imejibiwa nusu yake kabla hujafungua kalamu, kwa upande wowote itakaoegemea.

Na jambo dogo la karatasi. Mkataba wa miaka mitatu usingoje kuuona siku ya kusaini. Omba nakala sasa, mpe mtu anayejua mambo ya ajira akusomee, hasa kile kipengele cha kurudisha gharama ukiondoka kabla ya muda. Kuna sehemu hudai ada peke yake, kuna sehemu hudai na mishahara yote uliyolipwa ukiwa masomoni, na kiasi kinachotajwa kinaweza kuwa kikubwa kuliko shamba. Kama mwisho wa mwezi utakaribia na nakala haijatoka, andika barua ya kuomba wiki moja zaidi na ubaki na nakala yake iliyogongwa muhuri wa mapokezi.

Shangazi